Baba ana stenti ya moyo, daktari wa meno anataka aache dawa wiki nzima. Ni sawa?

BintiMuheza ameuliza:

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo, shikamooni mnaostahili. Naomba msaada kwa wenye ujuzi, maana muda unanibana.

Baba yangu ana miaka 64. Ni fundi mitambo mstaafu, amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu mpaka mgongo ukamkatalia. Miezi minne iliyopita kifua kilimbana usiku, jasho la baridi, mkono wa kushoto mzito. Yeye akasema ni gesi kwa kuwa alikula makande. Mama akaikataa hiyo gesi, tukamkimbiza Tanga mjini. Pale wakampima umeme wa moyo, wakamtafunisha asprini, wakampa na vidonge vingine vinne kwa mkupuo, na kulipokucha tukaanza safari ya Dar. Huko alizibuliwa mshipa akawekewa stenti moja. Karudi na mfuko wa dawa: asprini 75, klopidogreli 75, ya mafuta ya kwenye damu, na mbili za presha.

Sasa limekuja jino. Gego la chini kulia limeoza, limemnyima usingizi, na shavu limeanza kuvimba kidogo. Tumempeleka kliniki moja ya meno. Daktari ni kijana, mpole, akauliza vizuri tu anatumia dawa gani. Alipoziona asprini na klopidogreli akasema hagusi jino mpaka baba aache zote mbili kwa siku saba, la sivyo damu haitakata. Miadi ni Jumatatu ijayo, kwa hiyo baba aanze kuacha kesho.

Nimekosa raha. Siku anaruhusiwa kule Dar, sista wa wodini alimwambia baba mbele yangu: hizi mbili usiache mpaka mwaka uishe, hata akikwambia nani. Je, huyo "nani" ni pamoja na daktari wa meno? Baba mwenyewe ameshafurahi, anasema afadhali apumzike, zinamtoa madoa meusi mikononi. Nimsikilize nani?

---

Kibaraza_Tz amejibu:

Pole sana dada. Kwa uelewa wangu asprini ni dawa ya kichwa tu, hiyo hata akiendelea nayo haina neno. Hiyo klopidogreli ndiyo nzito na ndiyo ghali, aiache hata siku tatu jino litoke, halafu arudie. Mjomba wangu aliiacha moja kwa moja mwaka jana akahamia kitunguu saumu na tangawizi, yupo, anacheza bao kila jioni. Siku tatu haziui mtu.

---

MamaDawa_Ngamiani amejibu:

Binti, pole, na jibu ni asiache. Kesho asubuhi ameze zote mbili kama kawaida yake. Sijasema jino lisubiri, nasema dawa zisisimame. Nitaeleza kwa nini, ila kabla hujasoma chochote itafute ile fomu ya ruhusa ya Dar, piga namba iliyoandikwa pale, uulize. Mwenye kauli juu ya dawa hizi mbili ni daktari wa moyo. Si wa meno, si mimi, na Kibaraza ndiyo kabisa.

Mimi ni mfamasia, duka langu liko Ngamiani, Barabara ya 12. Wenye stenti wanaopita dirishani kwangu wanaongezeka kila mwaka, na hili agizo la "acha wiki moja" nimelisikia kwa watu wa meno, wa macho, wa tezi dume, hadi kwa mtu wa kutahiri. Wote nia yao njema. Wanaiogopa damu wanayoiona. Ile inayoganda ndani hawaioni, kwa hiyo haiwatishi.

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa maisha yote ili usirudi kubana. Kwa damu, chuma ni mgeni. Kwenye damu yetu kuna chembe sahani, ambazo kazi yake ni kukimbilia palipochubuka kama siafu walionusa mfupa. Zikifika zinanata, zinaita wenzake, zinashikana mpaka tundu linazibwa. Ukijikata na kisu cha jikoni hiyo ni rehema. Ndani ya mshipa wa moyo, ambao upana wake ni milimita tatu hivi, ni msiba. Mwili hujitahidi kuufunika ule wavu kwa utando wake laini mpaka damu isiuone tena, lakini hiyo ni kazi ya miezi, na baba yako yuko wa nne. Halafu usisahau kilichomlaza: mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa yalipasuka, damu ikagandia hapo. Mafuta ya namna hiyo kwa kawaida hayako sehemu moja tu. Ndiyo maana aliyepata shambulio la moyo, awe na stenti au asiwe nayo, kawaida hupewa dawa mbili kwa miezi 12, ila kama daktari wake ameona hatari ya damu kutoka ni kubwa akafupisha.

Kwa nini mbili? Asprini inazuia kimeng'enya ambacho chembe sahani hukitumia kutengeneza thromboksani, ndiyo kelele yao ya kuitana. Klopidogreli inaziba njia nyingine kabisa, kipokezi cha ishara kinachoitwa P2Y12. Ukizuia njia moja, ya pili bado ipo.

Sasa nije kwa Kibaraza, na simpigi mawe, maana maneno yake ndiyo ya mtaani. "Asprini ni dawa ya kichwa tu." Mwaka 1988 yalitoka matokeo ya utafiti wa ISIS-2, watu 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo. Waliopewa asprini, miligramu 162.5 kwa siku kwa mwezi mmoja, vifo vya moyo na mishipa katika wiki tano vilikuwa asilimia 9.4. Ambao hawakupewa, asilimia 11.8. Kidonge cha bei ya pipi. Wale wa Tanga waliomtafunisha baba yako asprini walijua wanachofanya, na wakamtafunisha badala ya kumpa ameze na maji kwa sababu ikitafunwa inaingia kwenye damu haraka zaidi.

"Klopidogreli ni ghali aiache." Mwaka 2001 utafiti wa CURE ulichukua wagonjwa 12,562 wa jamii ya baba yako, wote wakiwa kwenye asprini, nusu wakaongezewa klopidogreli. Waliokufa kwa moyo na mishipa, au kupata shambulio jipya au kiharusi, walikuwa asilimia 11.4 kwa asprini peke yake na 9.3 kwa dawa mbili. Sikufichi upande wa pili: kutokwa damu kwingi kulipanda kutoka asilimia 2.7 hadi 3.7. Kwa hiyo daktari wa meno hajaota hiyo hofu yake, ipo. Ila pima. Damu ya fizi utaikandamiza kwa gozi, kile kitambaa cha vidonda, na kidole. Stenti ikiganda huna pa kuweka kidole.

Na ikiganda inakuwaje? Mwaka 2005 madaktari wa Ujerumani na Italia waliwafuatilia watu 2,229 wenye stenti zilizopakwa dawa za wakati ule. Stenti ziliganda kwa 29 tu, na 13 kati ya hao wakafa. Walipotafuta kilichowatofautisha na wengine, kilichojitokeza kuliko vyote ni kuacha dawa kabla ya wakati. Stenti za leo ni bora kuliko zile, nakubali. Bado sichezi bahati nasibu na baba wa mtu.

"Siku tatu haziui." Hapa pana kitu watu wengi hawakijui. Asprini yenyewe haikai kwenye damu, baada ya saa chache imeshaondoka. Kazi yake ndiyo inayobaki, kwa sababu chembe sahani iliyoguswa na asprini haiponi tena mpaka ife, na huishi siku 7 hadi 10. Klopidogreli nayo hufanya vivyo hivyo. Mwili hutengeneza chembe mpya kama asilimia 10 kwa siku. Sasa piga hesabu: baada ya siku tatu sehemu kubwa ya damu yake bado ni nyepesi, kwa hiyo daktari wa meno hajapata alichokitaka, na wewe umeshaanza kuruhusu chembe mpya zisizozuiwa na kitu. Siku saba atapata alichotaka, na stenti itabaki bila mlinzi. Kitunguu saumu kiwekwe kwenye mchuzi. Mjomba anayecheza bao namwombea heri, lakini aende kliniki.

Mwaka 2007 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilikaa na chama cha madaktari wa meno cha huko huko wakatoa tamko moja, kwa sababu tatizo lilikuwa hili hili lako. Walisema mtu mwenye stenti asisimamishiwe dawa hizi kabla ya wakati, yeyote anayetaka kuzisimamisha aongee kwanza na daktari wa moyo, upasuaji usio wa lazima usogezwe mpaka muda wa dawa uishe, na kwamba kwenye meno damu hudhibitiwa pale pale kinywani. Mchapishie yule daktari kijana wa meno umpelekee kwa heshima. Wengi wao hawana kiburi, hawajafikishiwa tu.

Halafu nijibu hili: anatumia nini kwa maumivu ya jino? Niandikie kila kitu, pamoja na alichonunua mwenyewe dukani.

---

Mzee_wa_Likoni amejibu:

Salaam kutoka Mombasa. Mwanangu, nami ni mwenye stenti, mbili kwa jumla. Ng'ambo hii mimi nimewekwa kwenye asprini na tikagrelori badala ya hiyo klopidogreli ya mzee wako. Niling'olewa jino nikiwa nazo zote mbili mwilini. Damu ilitoka, siwezi kusema haikutoka. Niliuma gozi kutoka kwenye kiti mpaka nafika kivukoni, na nilipovuka kwenda ng'ambo ya pili ilikuwa imeshakata. Usiku mto ulikuwa na vidoa viwili vitatu, basi.

Madoa ya mikononi hayo mwambie asiyajali sana, mimi nikigongwa na mlango wa matatu natoka alama kama nimepigwa bakora. Kinyozi wangu anajua, anapita taratibu.

Kilichonitisha ni pumzi. Wiki za mwanzo nilikuwa naketi barazani, sijainua hata ndoo, mara naona pumzi haitoshi. Nikadhani moyo umerudi tena. Daktari akanipima, akasema moyo wangu salama, ni dawa. Ikapungua yenyewe. Na hii ni mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, si kama ya mzee wako ya mara moja. Mwezi wa Ramadhani naimeza wakati wa futari na wakati wa daku, ila hilo niliuliza kwanza kabla sijafunga.

---

Meno_Moshi amejibu:

Mimi ni wa upande unaolalamikiwa, natibu meno. Mfamasia kasema kweli na wala sijakasirika. Zamani hata sisi tulifundishwa kuzisimamisha, na wapo waliobaki hapo.

Nikimpata mzee kama huyu hufanya hivi. Namweka asubuhi, mwanzoni mwa wiki. Sababu ni kwamba akivuja jioni niko karibu, na akivuja kesho yake kliniki iko wazi. Ijumaa mchana simgusi. Napima presha kabla ya ganzi, ikiwa 180 kwa 110 au zaidi anarudi kwanza kwa daktari wake. Ganzi yenye adrenalini naitumia kidogo na taratibu, ampuli mbili ndiyo mwisho wangu kwa mtu wa moyo. Jino moja kwa siku. Hata akinibembeleza kwamba yapo matatu na nauli ni kubwa, nang'oa moja, naona damu inavyokwenda. Shimo nalijaza kitambaa cha kugandisha damu kama kipo, nashona, kisha anauma gozi nusu saa bila kufungua kila dakika kuchungulia. Hapo ndipo watu wanapoharibu, kuchungulia. Haondoki kwenye benchi mpaka nimeona pamekauka.

Nyumbani: siku ya kwanza asisukutue wala kutema mate kwa nguvu, chai iwe vuguvugu, asivute sigara, alale kichwa kikiwa juu kidogo. Damu ikianza tena, gozi safi iliyoloweshwa, auma dakika 20 hadi 30. Isipokata baada ya kurudia, aje.

Dada, uvimbe wa shavu usiupuuze. Kama anapata homa, mdomo haufunguki vizuri, au anameza kwa shida, usingoje Jumatatu. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni.

---

BintiMuheza amejibu:

Asanteni sana, Mungu awalipe. Asubuhi amemeza zote mbili, nimesimama mbele yake mpaka akameza. Amenuna lakini amemeza.

MamaDawa, umeniuliza dawa za maumivu nikaenda kupekua mfuko wake. Nimekuta diklofenaki, paketi imebaki nusu, alinunua duka la jirani. Anasema ndiyo inayomsaidia, anakunywa asubuhi na usiku tangu wiki iliyopita. Nimekuta na omeprazoli, nayo kajinunulia mwenyewe kwa ajili ya kiungulia. Homa hana, mdomo unafunguka, anakula uji na viazi. Namba ya Dar naipiga tangu saa mbili inaita tu.

---

MamaDawa_Ngamiani amejibu:

Endelea kuipiga, asubuhi huwa wako kwenye mizunguko ya wodi. Jaribu baada ya saa nane.

Nilijua nitaikuta hiyo diklofenaki. Iondoe mfukoni kwake leo. Jino unalolihangaikia lingemtoa damu ya kijiko. Diklofenaki juu ya asprini na klopidogreli inaweza kumtoa damu tumboni, kimya kimya, mpaka aanguke. Mwaka 2015 Wadenmark walitoa hesabu ya watu zaidi ya 60,000 waliopata shambulio la moyo na wako kwenye dawa za kuzuia damu kuganda. Waliochanganya na dawa za jamii ya diklofenaki na brufeni, kutokwa damu kuliongezeka mara mbili, na matatizo ya moyo yenyewe yakaongezeka pia. Na hatari ilionekana hata kwa waliozitumia siku chache. Brufeni ina ubaya wake mwingine: inaweza kuitangulia asprini pale inapofanyia kazi, asprini ikipita inakuta mahali pameshakaliwa.

Kwa hiyo parasetamoli. Miligramu 1,000 kila baada ya saa sita au nane, isizidi gramu 4 kwa siku, na kwa mtu mwembamba au mwenye shida ya ini iwe chini ya hapo. Najua atasema haifiki kwenye jino. Mpe kwa saa zake, asisubiri mpaka liume ndipo ameze. Akienda kwa daktari wa meno wataongezea wanachoona kinafaa.

Mwulize pia, bila aibu, choo chake kina rangi gani. Kikiwa cheusi ti na kinanata, au akatapika kitu chenye rangi ya kahawa iliyosagwa, au akasikia kizunguzungu akisimama, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na huko napo aseme ana stenti kabla hajasema jambo jingine lolote.

Omeprazoli sasa. Klopidogreli inapomezwa bado haijawa dawa, ini ndilo linaloigeuza ifanye kazi, na kimeng'enya kimoja kinachofanya hiyo kazi omeprazoli inakipunguza nguvu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2009 kuhusu kuzichanganya. Wapo wanaobishana ukubwa wa madhara yake kwa mgonjwa, maana utafiti wa COGENT wa mwaka 2010 uliona omeprazoli inaokoa tumbo na haukuona moyo ukiumia wazi. Mimi sibishani nao. Ipo pantoprazoli, inalinda tumbo na haigombani sana na klopidogreli. Kwa nini nitafute ugomvi? Ukimpata daktari wa Dar mwambie anapata kiungulia, mwambie kajinunulia omeprazoli, umwulize kama ambadilishie pantoprazoli. Asibaki bila kinga ya tumbo kabisa, kwa umri wake na dawa mbili anaihitaji.

Kama daktari wa meno atamwandikia antibayotiki kwa sababu ya uvimbe, amoksilini na metronidazoli hazina ugomvi na asprini wala klopidogreli.

Mzee wa Likoni, shikamoo. Hili ni lako: wewe uko kwenye tikagrelori, ukiumwa jino au kifua na mtu akakuandikia klarithromaisini, kataa, mwambie akutafutie nyingine. Inaizuia tikagrelori isitoke mwilini, inarundikana na damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Na hiyo pumzi uliyoisema inajulikana. Kwenye utafiti wa PLATO wa mwaka 2009, uliolinganisha tikagrelori na klopidogreli kwa watu 18,624, pumzi fupi iliwapata asilimia 13.8 wa tikagrelori na 7.8 wa klopidogreli. Ila katika huo huo, vifo na mashambulio yalikuwa machache kwa tikagrelori, 9.8 dhidi ya 11.7. Ulifanya vyema kwenda kupimwa badala ya kuitupa dawa baharini. Wengine huitupa.

---

Kibaraza_Tz amejibu:

Mama nimekusoma, nimemtumia mjomba. Swali: kwa nini basi baba wa huyu dada hakupewa hiyo tikagrelori kama ni bora?

---

MamaDawa_Ngamiani amejibu:

Swali zuri. Bei mojawapo. Dawa iliyo bora kwenye karatasi lakini mgonjwa anaimudu mwezi mmoja kati ya mitatu ni mbaya kuliko klopidogreli anayoimeza kila siku. Madaktari wetu wanalijua hilo, wanaangalia na bima inalipa nini. Sababu nyingine ni mgonjwa mwenyewe: mzee sana, mwenye historia ya kutokwa damu, au mwenye pumu ya kumsumbua, daktari anaweza kuona klopidogreli inamfaa zaidi. Ipo na prasugreli, huko Ulaya wanaipenda, lakini aliyewahi kupata kiharusi haruhusiwi kabisa, na aliye na miaka 75 au zaidi au uzito chini ya kilo 60 wanaiogopa. Kwa hiyo usimwambie mjomba abadilishe kwa sababu umesoma hapa.

---

BintiMuheza amejibu:

Nimerudi na majibu. Simu ilipokelewa saa tisa kasoro. Daktari wa Dar alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: ameshaacha au bado? Nikamwambia bado. Akashusha pumzi mpaka nikasikia kwenye simu.

Akasema asiache hata moja, jino ling'olewe, diklofenaki marufuku, omeprazoli ibadilishwe kuwa pantoprazoli. Akamtumia daktari wa meno ujumbe mwenyewe, akaniambia na mimi nimpelekee barua yake. Nilienda nikitetemeka, nikijua atafoka. Kijana wa watu aliisoma mara mbili, akasema "mimi nilichofundishwa ni kingine, lakini hii imeandikwa na anayemtibu moyo, tunakwenda nayo." Akapanga miadi upya, jino likang'olewa jana saa tatu asubuhi. Presha ilikuwa 142 kwa 84. Ameshona nyuzi mbili. Baba aliuma gozi nusu saa na kidogo, mimi nikiwa naangalia saa ya ukutani, na kila akitaka kufungua mdomo aongee namkatalia. Ilikata. Usiku damu ilijidondosha kidogo, akauma gozi nyingine, ikaisha.

Choo nimemwuliza. Amenitukana kwanza, kisha akasema ni cha kawaida.

Sasa ana swali lake mwenyewe, ameniambia nimwandikie "yule mama wa Barabara ya 12": mwaka ukiisha anaacha zote mbili?

---

MamaDawa_Ngamiani amejibu:

Mpe pole ya jino. Mwambie hapana, baba. Kwa kawaida mwaka ukiisha daktari huondoa moja, na mara nyingi inayobaki ni asprini 75, hiyo ya maisha. Wengine huachiwa klopidogreli badala yake, inategemea tumbo lake limeipokeaje asprini. Wapo pia ambao daktari huona bado wako hatarini akawaongezea muda wa dawa mbili. Hayo yataamuliwa siku hiyo na anayemtibu, baada ya kuona miezi hii imekwendaje.

Wewe binti chukua kadi yake ya kliniki, nyuma yake andika kwa kalamu nyeusi: tarehe aliyowekewa stenti, majina ya dawa mbili, tarehe ya mwaka kuisha, na namba ya simu iliyopokelewa saa tisa kasoro. Akienda popote, kwa macho, kwa tezi, kwa kinyozi wa Likoni, aionyeshe hiyo kwanza. Na vidonge vikibaki vya siku kumi aje kuchukua vingine, asingoje viishe. Hapa kwangu klopidogreli haikosekani, ikikosekana nitamwambia mapema nani anayo.